Tumbo la Bihogo lilinidanganya

Leo alfajiri, umande bado haujakauka, tumepitisha ng'ombe mmoja mmoja kwenye krashi, ule ujia mwembamba wa miti wa kumbana mnyama, nami nikawapapasa kupima unono wao. Hapa kwetu, nje kidogo ya Bweyale, mvua zinaelekea kukatika. Kumi na wawili wana mimba, watazaa kati ya Februari na Aprili, na kiangazi kitawakuta tumbo likiwa zito. Ndiyo maana nawapima sasa Novemba, majani yangalipo.

Mwaka juzi nilitazama kwa macho tu. Bihogo, yule mwekundu wa Ankole niliyepewa na mjomba wa Mbarara, alikuwa akirudi jioni tumbo limejaa pande zote, nami nikasema huyu amenona. Alipozaa Februari, lile tumbo likashuka, ikabaki mifupa. Nilijaribu kumlisha, lakini chote alichokula kiliishia kwenye maziwa ya ndama. Joto, yaani hamu ya kupandwa na dume, hakulipata hadi mwisho wa Julai. Mimba ya ng'ombe ni siku 283 hivi, kwa hiyo ukitaka ndama kila mwaka lazima ashike tena ndani ya siku 80 na kidogo. Ndama wa pili akachelewa karibu miezi mitatu, na kwangu hiyo ni karo ya muhula mzima.

Tumbo ni nyasi, maji na ndama. Mafuta yatafute kwingine: mbavu za mwisho, uti wa mgongo pale kiunoni, mifupa ya nyonga, shina la mkia, kidari.

Kijana wangu wa malisho nilimfundisha hivi. Kunja ngumi, pitisha vidole vya mkono wa pili juu ya vifundo: mbavu zikiwa hivyo, ng'ombe amekonda. Fungua kiganja, papasa mgongo wa mkono: mfupa unausikia lakini umefunikwa, hapo ni pazuri. Sasa bonyeza nyama iliyo chini ya kidole gumba: mbavu zikizama hivyo, amenenepa kupita kiasi, na huyo naye anaweza kupata shida ya kuzaa.

Kipimo ninachotumia ni cha 1 hadi 9: 1 amekonda kabisa, 9 amenenepa kupita kiasi. Mbavu mbili za mwisho zikionekana wazi, naandika 4. Zikifichika, 5. Nataka ng'ombe aliyekwisha kuzaa awali azae akiwa 5, na mtamba wa mimba ya kwanza 6, kwa sababu mtamba bado anakua mwenyewe huku akinyonyesha. Na lazima iandikwe kwenye daftari. Anayewaona kila siku haoni wakikonda.

Kwa Bihogo tumebishana. Kijana alisema 5. Nikamwambia, mwanangu, rudisha mkono, bonyeza kiunoni. Akabonyeza, akanyamaza, kisha akasema, "Mama, ni 4." Manyoya yalikuwa yamesimama kwa baridi ya asubuhi, yakazificha mbavu.

Watatu ni 4: Bihogo na mitamba miwili. Kuanzia kesho watalisha peke yao kwenye bonde nililolifunga lisilishwe tangu Septemba, mbali na majike wakubwa wanaowasukuma. Ndama wa Bihogo, wa miezi saba, tumemtenga leo leo, maana kumwachisha kunyonya ndiyo njia ya haraka zaidi ya kumrudishia mama yake mwili, na haigharimu hata shilingi. Wanaitana tangu saa nne. Katikati ya Desemba nitampapasa tena, yeye wa kwanza.