Huko juu ukutani mnaangua nini?

Nipo Tanga likizo, wiki ya pili sasa, na toka nimefika Ngamiani shangazi hajaacha kuniuliza, "we mtoto, huko juu ukutani mnaangua nini?" Nilimuonesha video nikikwea ukuta wa mazoezi kule Sheffield, Uingereza, akavumilia mpaka mwisho aone nachukua nini, akaona nimegusa kishikio cha juu kwa mikono miwili, nimeshuka. "Na hela unalipa?" Nalipa shangazi, kila mwezi. Akarudi zake kwenye mbuzi kukuna nazi.

Nilianza kipindi cha baridi, saa kumi jioni giza lishaingia, ni kazini na chumbani tu, mshkaji mmoja wa kazini akanivuta. Ukuta wetu hauna kamba, una mita nne na kitu, chini magodoro mazito, kila njia ina rangi yake. Mwezi wa kwanza nikapanda madaraja matatu ya ugumu fasta nikajiona komando, nikawa naenda mara nne kwa wiki, na hapo ndo nikaganda. Njia za 6A, ndo daraja la ugumu lililofuata, naanguka palepale kila siku, kidole cha pete kikaanza kuuma pale kinapoanzia, hata kufungua chupa ya maji shida. Kumbe misuli inapata nguvu mapema, kano za vidole zinataka miezi na miezi. Pale ukutani hawakuniambia, au waliniambia nikawa nachapa usingizi.

Nikapumzika wiki tatu nzima, halafu nikarudi kwenye njia za watoto, yaani watoto kweli, wa miaka saba wananipita. Kazi ikawa miguu tu: unakanyaga kwa ncha ya kidole gumba, sio katikati ya wayo, ukishakanyaga hupapasi tena, nyonga unaileta karibu na ukuta, mikono unaiacha imenyooka, mguu ndo unasukuma. Wiki sita za aibu. Ile 6A ikaja kupita jaribio la pili, nikabaki nashangaa nilikuwa naangukaje pale.

Sasa juzi nikaenda Pongwe kwa mjomba, kuna mzee mkwezi pale anakwea minazi toka kijana, nikajitia kumuonesha kwenye simu yule Mmarekani Sam Watson, wa mbio za kukwea ukuta, Olimpiki ya Paris 2024, mita 15 kwa sekunde 4.74. Mzee akatazama mara mbili akasema, "Huyu hana panga kiunoni." Wakanipa kamba ya miguuni nijaribu. Mita mbili hivi, nikaukumbatia mnazi kama popo, siwezi kupanda siwezi kushuka, maana mnazi vishikio hauna. "Mwanangu, umeubana kwa mikono, itakufa hiyo kabla hujaona dafu." Akanishusha, akapanda yeye huku anabishana na mjomba kuhusu bei ya nazi.

Nimerudi nyumbani goti limechubuka. Shangazi kanipaka mafuta ya nazi, kimya, kisha akauliza, "Haya, na hapo umeangua ngapi?"