Una pa kulala leo, mama?

Niko nyumbani Kibosho kwa mama, likizo, wiki ya pili sasa. Jumanne usiku mlango uligongwa. Jirani. Kanga juu ya gauni la kulalia, mtoto mgongoni, mkono wa kushoto umevimba kuanzia kiwiko, wa kulia umeshika fomu ya PF3 iliyokunjwa mara nne.

Alikuwa ametoka Moshi mjini kwa bodaboda. Polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, askari wa kike alimsikiliza mpaka mwisho, akampa PF3 ya kwenda nayo hospitali. Kisha akamuuliza, "Una pa kulala leo, mama?" Akajibu anapo. Hakuwa napo. Alikuwa anatufikiria sisi, wala hakujua kama tutafungua.

Naishi Leicester, mwaka wa 11 huu. Swali hilohilo nililisikia kwenye ofisi ya halmashauri kule, siku niliyomsindikiza dada mmoja wa Tanga nikawa mkalimani wake. Ila kule anayeuliza ndiye ambaye sheria inamdai jibu. Tangu sheria ya unyanyasaji wa majumbani ya 2021, England aliyekosa makazi kwa kukimbia kipigo anahesabiwa moja kwa moja miongoni mwa wenye haki ya kutangulizwa. Si peponi: unapewa chumba kimoja wewe na watoto, jiko la wote, na nyumba ya halmashauri unaweza kuisubiri miaka. Yule dada alikuwa na viza ya mume, na viza hiyo inakufungia misaada ya serikali. Akaomba ruhusa maalumu ya miezi 3 kwa wenza waliokimbia manyanyaso. Hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango. Dada zangu mlioko Uingereza kwa viza ya namna hiyo, ishikeni hii.

Kwetu sheria ipo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza kumpiga mwenzi wako. Kifungu cha 59 kinazuia nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa yake. Lakini nyumba ya jirani imesimama kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba mkwe, na kwao alikozaliwa kihamba ni cha kaka zake. Aende wapi? Moshi tuna nyumba salama ya KWIECO, nashukuru ipo, lakini hilo ni shirika. Nataka serikali yangu iweke vitanda nyuma ya kila dawati, kwa bajeti yake yenyewe, maana mwanamke asiye na pa kulala hurudi alikopigwa.

Alfajiri ya Alhamisi walikuja wazee wa upande wa mume na jani la isale, kuomba msamaha. Mchagga akiletewa isale hakatai. Mama alilipokea, akaliweka mezani, akawaambia mwenyewe bado amelala.

Alikuwa macho, nyuma ya pazia, ananyonyesha. Akaninong'oneza: "Huko kwenu, mtu akikataa isale, wanampa muda gani?"