Daftari lililonirudishia wali mezani

Nilipogundulika na kisukari aina ya 2, kila aliyekuja kunipa pole alikuja na lake la kunikataza. Wali usiguse. Mkate usiguse. Matunda yana sukari, achana nayo. Niliwasikiliza wote, na nusura wanizike.

Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nimefuta wanga wote, na siku nyingine nashinda na chai kavu. Dawa lakini nilimeza kama nilivyoandikiwa, glibenklamaidi kila asubuhi. Hakuna aliyeniambia kwamba vidonge vile hulisukuma kongosho kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, uwe umekula au hujala. Mchana mmoja nikaanza kutetemeka, jasho jembamba likanitoka, moyo unadunda, macho yameingia ukungu. Nikapima sukari ya damu: 2.9 mmol/L, kipimo ninachotumia hapa chote. Ikishuka chini ya 3.9 ni hatari. Binti yangu ndiye aliyekoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, akaninywesha, akakaa nami dakika 15, akanipima tena. Mpaka leo nikikumbuka mikono yake ilivyokuwa inatetemeka kuliko yangu, nawakasirikia wale washauri.

Daktari alinibadilishia dawa, akanipeleka kwa mtaalamu wa lishe. Nilidhani nakwenda kuongezewa makatazo. Mama yule hakunikataza hata kimoja. Aliniuliza naamka saa ngapi, nyumbani anapika nani, na chakula gani nikikikosa nanuna. Kisha akanipa kazi: kwa siku saba niandike kila kinachopita mdomoni, vinywaji vikiwemo, nipime kabla ya kula na tena saa mbili tangu nianze kula. Vijiti vya kupimia vilinitoboa mfuko, sitaficha, ila sijuti.

Asubuhi ya pili kabla ya kula nilikuwa 6.8; saa mbili baadaye 14.1. Nikaulaumu mkate. Kesho yake nikala mkate uleule, vipande vilevile viwili na yai, ila nikaacha glasi ya juisi niliyozoea kuikamua mwenyewe. Ikasoma 9.3. Sikuamini. Siku iliyofuata nikairudisha juisi: 13.8. Juisi halisi, sijaitia hata chembe ya sukari! Mtaalamu akanieleza kwamba glasi ile ni machungwa matatu au manne yaliyoachwa bila nyuzinyuzi zake, kwa hiyo sukari inaingia kwenye damu kwa kasi. Chungwa zima, moja, nalila kwa raha zangu.

Sahani aliyonipangia ni nusu mboga zisizo na wanga, robo protini, robo wanga. Maharage yana protini, lakini wanga wake nao unahesabiwa. Hapo nilikuwa nakosea kila siku. Mboga natangulia kuzila, wali unafuata, na nikimaliza natembea kidogo. Ukitumia dawa za kushusha sukari, usipunguze chakula kabla ya kuongea na anayekutibu. Hili nalisema kwa uchungu.

Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwenye damu kwa takriban miezi mitatu, nilianza nacho kwenye asilimia 9.4. Juzi kimetoka 6.7. Mama wa lishe alilifunga daftari langu, akaniuliza, "Haya, harusi ya binti yako tutakula vipi?" Tukakaa tukaipanga, sahani kwa sahani, na keki imo.