Utepe wa Dhahabu Kwenye Bampa

Kwenye albamu ya harusi ya binti wa baba mdogo ipo picha moja ambayo bibi harusi hayumo. Imo pua ya gari tu, nyeusi, imeng'ata namba iliyopinda upande, na namba yenyewe imefungwa kwa utepe wa dhahabu kama zawadi. Wageni wakifika ukurasa ule lazima waulize. Dereva nilikuwa mimi, kwa hiyo wakianza kuuliza huwa nakwenda jikoni kuangalia chai.

Gari lilikuwa Mazda RX-8. Nililinunua Dar mwishoni mwa 2013, siku zile Mtwara imechangamka kwa gesi, bomba la kwenda Dar linatandazwa, na kijana mwenye mkataba wa mwaka mmoja anajiona tajiri. Wenzangu wenye akili walinunua viwanja Naliendele. Mimi nilinunua gari la spoti ambalo milango yake ya nyuma hufunguka kinyume, kama kabati.

Kilichonipa jeuri ni kadi yake. Injini ni ya rota, isiyo na pistoni za kupanda na kushuka bali rota zinazozunguka, vyumba viwili vya cc 654 kila kimoja, jumla 1,308. Kwenye karatasi lilikuwa sawa na Toyota IST ya jirani yangu mwalimu, na nililisema hilo kila nilipolaumiwa kwa anasa. Sikusema linakunywa mafuta kiasi gani. Sikusema pia kwamba nilikuwa natembea na galoni ya oili, maana injini ya rota hula oili kidogo kidogo hata ikiwa nzima.

Sasa namba. Japani namba za magari ni fupi na zina kimo, milimita 330 kwa 165, na bampa la gari lile lilitengewa nafasi ya ukubwa huo. Nyuma nilipata ya mraba, ikakaa vizuri. Mbele ilifungwa ile yetu ndefu ya njano, inayopita nusu mita, katikati kabisa ya mdomo wa gari, ncha zimetokeza huku na huku. Mtoto aliyeng'ata rula, ndivyo lilivyoonekana. Nilikuwa nikiliegesha pale Bima naenda kusimama kwa mbali nilitazame, na kila mara macho yanaishia kwenye ile rula.

Safari ya kulileta kutoka Dar ilinipa kisingizio. Kipande cha Ndundu hadi Somanga kilikuwa bado kinatengenezwa, na gari la chini kama lile lililima barabara kama jembe. Skrubu moja ya namba ilidondoka huko huko. Karibu na Mchinga mshale wa joto ukaanza kupanda, nikasimama, nikafungua boneti, nikakaa chini ya mkorosho nikisubiri lipoe. Fundi wa Mtwara alipolipokea akakuta rejeta imezibwa na tope lililokauka na majani. Aling'oa namba apate njia, akapiga maji mpaka yakatoka meupe. Likaacha kuchemsha siku ile ile.

Lakini namba ilikuwa imeshatoka, na gari lilikuwa zuri! Nikamwambia asiirudishe.

Tangu hapo kila aliyeniuliza nilimpa jibu moja: namba inaziba upepo, gari linachemsha. Uongo mzuri huwa na punje ya kweli ndani yake. Wajapani wenyewe kwenye baadhi ya Mitsubishi Lancer Evolution waliisogeza namba pembeni ili upepo uingie katikati. Tofauti ni kwamba wao waliisogeza. Mimi niliitia kwenye buti, chini ya zulia. Na kwenye ile miradi ya gesi nikakutana na Mmarekani mmoja mtu wa Florida, akaniambia kwao gari halifungwi namba mbele kabisa, ya nyuma inatosha. Nilimwamini kama shekhe. Baadaye sana, nilipomlalamikia, ndipo akaniambia California na Texas ni lazima mbele na nyuma. Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema hukuuliza.

Kwa miezi minane nikazunguka hivyo hivyo, Shangani, Ligula, Mikindani, bila kusimamishwa hata mara moja. Ndipo ikafika harusi.

Ilikuwa Agosti 2014, Mfungo Mosi, kila nyumba ina harusi yake baada ya Idi. Binti wa baba mdogo aliolewa Mikindani baada ya Adhuhuri, na baada ya Alasiri akawa anapelekwa kwa mumewe Lindi Mjini. Kilomita kama mia moja. Bwana harusi na watu wake wakatangulia na Coaster. Bibi harusi akataka gari la kaka yake, na kaka yake ndiye mimi. Vijana wakalipamba: utepe wa dhahabu kutoka vioo vya pembeni mpaka ncha ya boneti, na ua kubwa la plastiki.

Nyuma akaingia bibi harusi na somo yake aliyemfunda, bibi mmoja mkulima wa korosho, mwembamba, mikono imekomaa kwa kufunga magunia. Kuingia kwake kulichukua muda. Alitanguliza mguu, akaurudisha, akatanguliza makalio, akashuka mpaka akadhani amefika chini kumbe bado.

"Gari gani hii, mtu anakaa kama yuko shimoni?"

"Ya spoti, bibi."

"Hela yote ile hawakukuwekea miguu?"

Mnazi Mmoja, pale barabara ya Masasi inapoachana na ya Lindi, trafiki alisimama katikati ya lami akaninyooshea mkono. Mtu mzima, nguo nyeupe zimepigwa pasi vizuri. Nikateremsha kioo.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Hongereni kwa harusi." Akazunguka mbele, akainama, akarudi taratibu. "Namba ya mbele iko wapi?"

"Iko kwenye buti, afande."

"Inafanya nini huko?"

Hapo ndipo nilipotoa hotuba niliyoijenga kwa miezi minane. Nikaanza na upepo, nikaja kwenye rejeta, nikaeleza kwamba injini ya rota inapata joto kuliko injini nyingine, nikasema namba ikifungwa tu mshale unapanda mpaka juu. Alisikiliza yote. Kuona anasikiliza nikajisahau, nikafika Florida.

"Florida iko wilaya gani?"

"Ni Marekani, afande."

"Basi ukifika huko utaifungua. Hapa uko Lindi." Kisha akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama mjomba: "Kijana, tochi ya spidi inakumulika unakuja. Ukigonga mtu, anayekuona ni aliye mbele yako. Sasa huyo atakuja kuniambia ameona nini? Ua la plastiki?"

Sikuwa na jibu. Akaniamuru niitoe namba niifunge pale pale, ndipo tuondoke.

Buti la RX-8 ni dogo, na siku ile lilikuwa limebeba nusu ya nyumba ya bibi harusi. Nikaanza kupakua pembeni ya barabara, madereva wa bodaboda wamekusanyika. Likatoka sanduku la nguo. Wakatoka mito. Zikatoka doti za kanga zilizofungwa kwa kamba, mkeka, kapu la vikombe, chetezo kimefungwa gazeti, na kopo la udi ambalo kifuniko chake kiliachia likamwagika kwenye kokoto. Somo akatoa kichwa kwenye dirisha la mbele.

"Unamwaga udi wa mtoto wa watu kwa sababu ya kibati?"

Kibati kilikuwa chini kabisa. Nikakipeleka mbele, nikakumbuka kwamba skrubu moja ilibaki njia ya Somanga na nyingine sijui ilipo. Bodaboda mmoja akasema anao waya, akatafuta, hanao. Jua linashuka. Kule Lindi watu wameshaanza kupiga simu.

Mlango ukafunguka ule kinyume. Somo akashuka, na kushuka kwenyewe kulikuwa kazi nyingine. Hakuuliza mtu. Akauvuta utepe wa dhahabu kutoka kwenye boneti, akaupima kwa mkono, akachana kipande kwa meno. Akapiga goti kwenye lami, kanga zake mpya hizo, akaupitisha kwenye matundu ya namba, akauzungusha kwenye wavu wa bampa, akakaza akiwa ameweka mguu mmoja kwenye bampa, kama anafunga gunia la korosho la kupeleka ghalani. Upande mmoja ukakaa juu zaidi ya mwingine. Akautikisa. Haukusogea.

"Imefungwa," akamwambia afande. "Tunaweza kwenda?"

"Mama, ninyi mnaweza. Huyu nina karatasi yake." Akaniandikia shilingi 30,000. Nilimtazama somo nikitegemea aseme neno la kuniombea.

"Mwandikie, baba," akasema. "Mwandikie."

Tukaondoka kimya. Bibi harusi ameinamisha kichwa ndani ya ushungi, kama alivyofundishwa. Tulipopita Ngongo, somo akasogea mbele katikati ya viti viwili, akanyoosha kidole kwenye dashibodi.

"Ule mshale uliomwambia askari unapanda, ndio upi?"

"Huu hapa, bibi."

Akautazama kwa muda mrefu. Ulikuwa katikati, pale pale unapokaa siku zote.

"Mbona umelala?"

Nikasikia ushungi unatikisika. Nilidhani dada analia, maana ndivyo ilivyotakiwa. Alikuwa anacheka mpaka anakosa pumzi.

Tuliingia Lindi wakati adhana ya Magharibi inasikika. Vigelegele vikatupokea, na mdogo wake bwana harusi akainama kulikagua gari, akaniuliza huo mtindo wa kufunga namba kwa utepe umeanzia wapi. Nikamwambia Mtwara. Mpiga picha akaupiga.

Faini nililipa Jumatatu. Utepe ulikaa miezi miwili zaidi, mpaka fundi aliponitengenezea kipande cha bati cha kuishikia namba, na hata yeye fundo lilimshinda. Akakata kwa wembe pembeni yake, mzizi wake ukabaki kwenye wavu. Mwaka 2016 nilipoliuza gari, mnunuzi alilala chini akakagua kila kitu, akauliza hicho cha dhahabu ni kitu gani. Nikamwambia akitoe tu akiweza. Alivuta, akavuta tena, akaja na bisibisi, kisha akainuka na kujipangusa vumbi, tukarudi kwenye mambo ya bei.