Mvua ya Muheza iliyosoma karibu na sifuri

Mjomba ana michungwa Muheza, na kila mvua ikinyesha huipima kwa kopo na rula, akaandika daftarini. Swali lake: "Mwanangu, masika yanachelewa kweli?"

Nikaingia kwenye ghala la data za tabianchi la Copernicus, huduma ya Umoja wa Ulaya. Ni bure: unajisajili, unakubali masharti, unapakua. Nikachukua ERA5, kumbukumbu ya hali ya hewa ya dunia iliyokokotolewa kwa kompyuta kutokana na vipimo, inayoanzia mwaka 1940, mvua ya kila saa.

Nilipofungua faili nikavunjika moyo. Aprili, mwezi wa matope hadi vifundoni, inasoma 0.002, 0.0004. Nikapakua upya mara mbili. Kumbe mvua imeandikwa kwa mita! Nikazidisha kwa 1,000, na 0.002 ikawa milimita 2 kwa saa moja.

Bado siku hazikulingana na daftari. Saa za ERA5 ni za UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa 3. Mvua ya kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa ilihesabiwa jana yake. Nikasogeza saa kwanza, ndipo nikajumlisha siku. Zikakaribiana.

Kufanana kabisa haiwezekani, maana ERA5 huigawa dunia katika visanduku, kila kimoja na thamani moja ya mvua; kisanduku kimoja kina upande wa kilomita 28 hivi, kinabeba shamba pamoja na miteremko ya Usambara. Kwa mvua peke yake naipenda CHIRPS, data za mvua zinazounganisha satelaiti na vipimo vya ardhini, ya tangu 1981, yenye visanduku vya kilomita 5 hivi.

Nilimchapishia mjomba karatasi moja. Akaitandaza kando ya daftari, akafuatisha kwa kidole, Aprili hadi Aprili.