Jumapili Nyeupe ya Ōtara

New Zealand ni mbali, ni baridi na ni ghali. Kutoka Dar es Salaam hadi Doha ni usiku mmoja, halafu kutoka Doha hadi Auckland ni zaidi ya saa kumi na tano angani, magoti yamebanwa, chakula kinaletwa saa ambazo tumbo halikitaki. Ukishuka unakuta wao wametangulia saa kumi mbele yetu: saa saba mchana wao wanakula, mwili wako unasema ni usiku wa manane. Ada ya viza ilikuwa imeshaniuma tangu nyumbani. Nilipoingia dukani na binamu yangu nikakuta ndizi za Ecuador na za Ufilipino zinapimwa kwa kilo, na kilo mbili zinakaribia bei ya mkungu mzima kwetu Moshi. Nilizirudisha.

Nyumba zao nazo! Ilikuwa Oktoba, majira wanayosema miti inachipua, lakini ndani ya nyumba ya kupanga ya binamu yangu palikuwa na baridi kuliko nje. Ukuta wa mbao, dirisha linatoa jasho asubuhi, na hita inawashwa kwa hesabu kwa sababu ya bili ya umeme. Nililala na koti. Walinipeleka kwenye mnara wa mjini, wakanipeleka Rotorua kuona maji yanayochemka ardhini na kunusa kiberiti. Picha ninazo, anayetaka nitamtumia.

Ninachotaka kueleza ni Jumapili moja tu.

Binamu yangu analea wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, Auckland Kusini. Mwenzake wa zamu ni mama wa Kisamoa, mwanamke mpana, mcheshi, mwenye sauti ya alto inayosikika hata anapoagiza chai. Aliposikia kwamba mgeni wa mwenzake ni mwalimu wa kwaya wa Kilutheri kutoka Afrika, hakuniuliza kama nina nafasi. Alisema Jumapili nije kanisani Ōtara, kitongoji cha huko huko Auckland Kusini, ni siku ya watoto, na mwanawe ndiye anayewaandaa. Mwanawe anaimba soul, muziki wa Wamarekani weusi uliotokana na nyimbo za kanisani, na anaigiza jukwaani. Alilisema hilo kwa fahari, kisha akaongeza kwamba yeye na baba wa kijana bado wanamwombea apate kazi ya kudumu.

Kabla sijaendelea, niseme kwa nini sikujisikia mgeni mbele ya Wasamoa. Visiwa vyao, vilivyo katika Bahari ya Pasifiki, vilikuwa koloni la Mjerumani tangu 1900 hadi 1914, wakati ule ule babu zetu walipokuwa chini ya Mjerumani huyo huyo. Vita ilipoanza, New Zealand ikavichukua, kama Mwingereza alivyotuchukua sisi. Mwaka 1918 meli iitwayo Talune ikatoka Auckland ikaingia bandari ya Apia na wagonjwa wa homa ya mafua, wakaachiwa washuke, na takriban mtu mmoja kati ya watano visiwani akafa. Sisi tulipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, wao tarehe 1 Januari 1962. Nimefundisha darasani miaka mingi na sikuwahi kulijua hilo; aliniambia mzee mmoja kwenye benchi la kanisa, akahesabu kwa vidole siku zinazotutenganisha, akanishika mkono.

Jumapili Nyeupe, wao wanaiita Lotu Tamaiti, huwa Jumapili ya pili ya Oktoba. Siku hiyo watoto ndio wenye kanisa. Wote wamevaa nyeupe, kuanzia wachanga hadi vijana wa sekondari, na watu wazima wanakaa kimya kusikiliza. Kila mtoto ana aya yake ya Biblia aliyoikariri. Wapo wa miaka mitatu wanaosema maneno manne na kukimbilia kwa mama zao huku kanisa zima likishangilia. Baada ya aya yanakuja maigizo, na hapo ndipo nilipokaa sawasawa kwenye kiti.

Waliigiza habari ya Yona. Samaki alikuwa shuka kubwa lililoshikwa na wavulana sita, na ndani yake walikuwa wanaimba besi. Kijana mwenyewe aliyewaandaa, mtu wa miaka ishirini na kitu, mabega kama mlango, alijibanza nyuma ya pazia la pembeni. Mimi nilikaa upande ambao namwona. Yona alikuwa mtoto wa miaka minane hivi. Alifika katikati ya sala yake tumboni mwa samaki, akasahau. Kimya. Macho yakaanza kumjaa machozi. Yule kijana hakumnong'onezea maneno. Aliimba, polepole mno, sauti ya kwanza ya mstari uliofuata, kama mtu anayetafuta ufunguo kabla ya kuanzisha wimbo. Mtoto akaishika ile sauti, maneno yakamjia yakiwa juu yake, akaiimba sala yote iliyobaki badala ya kuisema, na wale sita ndani ya shuka wakaipokea kwa sauti tatu bila kuambiwa. Hapakuwa na mazoezi ya jambo hilo. Nimefundisha kwaya tangu ujana wangu, na sijawahi kuona mtu akimwokoa mwigizaji kwa namna hiyo.

Baadaye alitoka mwenyewe kuimba peke yake. Ilikuwa tenzi ambayo kwetu tunaijua kwa Kiswahili, ikaimbwa kwa Kisamoa, lakini kila alipofika mwisho wa mstari aliiburuta noti, akaikunja, akairudisha chini, kama walivyofanya Sam Cooke na Aretha Franklin, ambao walikuwa watoto wa wachungaji na nao waliianza kazi yao kanisani. Wazee hawakununa. Mama yake alifumba macho.

Ikaja sadaka.

Kwa wale wa kwetu wanaolalamika kwamba majina yanasomwa, nendeni Ōtara. Karani alisimama na daftari akasoma jina la kila familia na kiasi ilichotoa. Dola mia tatu, dola mia tano. Halafu akalisoma jina la kijana peke yake, kwa sababu sasa ana kipato: dola elfu moja na mia mbili. Watu wakaitikia kwa heshima. Binamu yangu akanigeukia kwa macho makubwa. Anajua mshahara wa mama wa kijana, anajua nyumba yao ina watu wangapi. Sikusikia vizuri mahubiri yaliyofuata.

Chakula kilikuwa ukumbini. Watoto walilishwa kwanza, watu wazima wakiwahudumia, na hilo hutokea siku hii. Palikuwa na nguruwe, magimbi yaliyopikwa kwa mawe ya moto, samaki mbichi katika tui, na majani ya magimbi yaliyofungwa na tui zito yakaokwa. Mtu wa Tanga au wa Pemba angelia kwa furaha. Waliniambia magimbi yenyewe yanatoka Fiji, kwa kuwa ugonjwa wa majani uliangamiza mashamba ya Samoa mwaka 1993 na soko likahama. Nilikula hadi nikaona aibu. Kisha nikaenda jikoni kuosha vyombo, nikafukuzwa kwa kuwa ni mgeni, nikakataa kufukuzika, maana kijana alikuwa pale kwenye sinki, amevua koti jeupe, mikono ndani ya povu. Ndiye aliyekuwa amesifiwa kuliko wote siku ile, na alikuwa anasugua sufuria za wazee. Kwao kijana hupanda kwa kutumikia. Hata angekuwa maarufu kiasi gani, sinki lingemngoja.

"Anko," aliniita tangu mwanzo, kama wanavyomwita mwanamume yeyote wa rika la baba zao. Tulizungumza hadi sufuria ya mwisho na baada yake.

Jukwaa lake la kwanza lilikuwa hapo hapo, akiwa na miaka minne, aya moja, maneno matano. Shuleni aliingia Polyfest, mashindano ya ngoma na nyimbo za shule yaliyoanzia Ōtara mwaka 1976. Akasoma uigizaji. Amecheza Māngere, kwenye ukumbi wa sanaa uliofunguliwa 2010, na ile dola elfu moja na mia mbili ndiyo ilikuwa karibu yote iliyomsalia katika malipo ya mchezo mmoja, majuma ya mazoezi na maonyesho pamoja. Usiku anapakua mizigo kwenye ghala. Ijumaa anaimba baa kwa pasenti fulani ya kiingilio cha mlangoni, na wenye baa hukata kwanza gharama za vyombo vya muziki. Nilimuuliza kama sadaka ile inamuuma. Alifikiri. Akasema bibi yake alipofariki kanisa ndilo lililomzika, na ada ya mwaka wake wa kwanza ilichangwa katika ukumbi ule. Hakuwa analalamika. Aliniambia alidhani nilikuwa nauliza kuhusu kitu kingine.

Kilichomuuma kilikuwa majukumu anayopewa kwenye televisheni. Mwizi. Mlinzi wa klabu. Mchezaji wa raga aliyeumia goti. "Wananiandikia mistari mitatu na ngumi moja," alisema. Na muziki nao ni hivyo hivyo: akiingia studio na nyimbo za mapenzi za taratibu, wanamuuliza atarapu wapi.

Akanieleza habari ya Aaradhna, na kwa jinsi alivyoieleza nilijua ndiye aliyemwonyesha njia. Mama Msamoa, baba Mhindi wa Kigujarati, amekulia Porirua karibu na Wellington, sauti yake ni soul ya zamani kabisa. Alitolewa na Dawn Raid, kampuni ya muziki iliyoanzishwa 1999 hapo jirani Papatoetoe na kujipa jina la misako ya alfajiri ya miaka ya 1970, polisi walipokuwa wakigonga milango ya watu wa visiwani kutafuta waliozidisha viza. Serikali iliomba radhi mwaka 2021. Novemba 2016, kwenye tuzo za muziki za taifa, Aaradhna alipewa tuzo ya albamu bora ya hip hop na muziki wa mjini. Alipanda jukwaani akasema yeye ni mwimbaji, si rapa, na kwamba amewekwa katika kundi lile kwa sababu ya rangi yake, akaikabidhi tuzo kwa SWIDT, kundi la kurapu la Onehunga. Kijana wangu alikuwa mwanafunzi bado. Aliitazama kwenye simu ndani ya basi. "Siku hiyo," alisema, "nilijua kwamba mtu anaweza kusema hapana halafu kesho yake akaendelea kuimba."

Yule mzee wa uhuru, aliyekuwa amejisogeza mlangoni na kikombe cha kakao, akasema hao watoto wanadhani mambo yameanza jana. Akamtaja Mavis Rivers, mzaliwa wa Apia, 1929, aliyewaimbia wanajeshi wa Marekani huko Pago Pago wakati wa Vita Kuu ya Pili, akaja Auckland 1947, akarekodi, kisha akavuka kwenda Marekani na kurekodi na kampuni ya Capitol. Mzee aliimba kidogo kumwonyesha kijana jinsi mama yule alivyokuwa akichelewa nyuma ya mdundo. Kijana akajaribu. Wakabishana. Povu lilikuwa limeshakauka mikononi mwake.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kumsikiliza baa. Kiingilio kilikuwa dola ishirini na tano, soda dola sita, na viti havikuwepo. Vyombo vilipiga mluzi wimbo wa kwanza mzima. Kuanzia wa pili nilisahau miguu. Watu wale walikuwa wanalipa kusikia jambo ambalo bibi na mashangazi wa Ōtara walimfundisha bila malipo kwa miaka ishirini, kila Jumatano jioni, sauti nne, bila kinanda. Hakuna chuo kingemfundisha vile. Ndiyo maana sithubutu kulilaumu kanisa lake kwa daftari lile, ingawa usiku ule, nikijua anaondoka baa kwenda ghalani hadi alfajiri, nilitamani karani angeandika jina lake kwa penseli.

Na kwetu? Sisi tunamlea mwimbaji hivyo hivyo. Anaanza kwenye Shule ya Jumapili, anapata kipaimara, anaingia kwaya ya vijana, anaimba harusi za watu kila Jumamosi kwa nauli na pilau. Kwaya inarekodi, kanda zinauzwa, siku hizi video zinatazamwa na maelfu, fedha zinaingia kwenye jengo. Nina dada mmoja wa soprano, mama lishe, ambaye sauti yake imejenga nusu ya ukuta wa usharika wetu. Mwaka jana alipolazwa tulipitisha kofia, ikapatikana hela ya dripu mbili. Tofauti na Ōtara, sisi hatukumchangia hata ada. Tulichukua upande mmoja wa desturi, ule wa kupokea, na ule wa kurudisha tukauacha.

Kurekodi kwetu kwingine kumepangwa Januari. Nimeandika hoja kwamba robo ya mapato igawiwe waimbaji, na waanzishaji wa nyimbo wapate zaidi kidogo, na kwamba uwepo mfuko wa matibabu kabla ya mfuko wa vipaza sauti. Katibu anayo nakala. Mwenyekiti ameniambia hilo halijawahi kufanyika, nikamjibu kwamba nafahamu, na kwamba nitaisoma mbele ya kwaya nzima dada yule akiwa amekaa safu ya mbele.