Kabla ya kupiga Windows upya

Juni, na baridi ya Mbeya imekaza. Mezani hapa Mwanjelwa kuna kompyuta ya duka la pembejeo. Diski yake ya zamani imenakiliwa kwenye SSD, diski mpya ya kasi, lakini ikiwashwa inaleta skrini ya bluu na namba 0xc000000e. Wengi wakiiona hiyo husema, “Piga Windows upya,” yaani isakinishe upya. Inauma, maana hesabu za mbolea na mbegu za msimu mzima zimo humo salama. Kilichokatika ni njia ya kuzifikia tu.

Anza kwa kuchomoa diski ya zamani, mpya ibaki peke yake. Nakala nyingine hubeba hata kitambulisho cha diski mama. Zikikaa pamoja, Windows huizima moja, au mashine inawakia ile ya zamani nawe unadhani ni mpya.

Ingia BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta. Diski iliyogawanywa kwa mtindo wa zamani, MBR, huwaka kwa Legacy; ya mtindo mpya, GPT, kwa UEFI. Angalia pia mpangilio wa SATA, jinsi kompyuta inavyoongea na diski, kama uko kwenye AHCI au RAID, uurudishe ulivyokuwa kabla. Ukibadilika, Windows hugoma na INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Kwenye kompyuta za mtumba betri ya CR2032, ile ya kidonge inayotunza mipangilio ya BIOS, huwa imechoka, kwa hiyo umeme ukikatika mipangilio yote inarudi ya kiwandani. Betri mpya ina volti 3. Ukipima ukakuta 2.5, badilisha.

Ila kosa ninalolikuta zaidi ni la aliyenakili C: peke yake, au nakala iliyoharibu partisheni ya EFI, ile sehemu ndogo ya diski yenye faili za kuwashia Windows, ya FAT32, mara nyingi megabaiti 100. Washa kwa flashi ya kusakinishia Windows, uiwashe kwa UEFI, kisha bonyeza Shift+F10. Andika diskpart, halafu list volume. Chagua ile ya FAT32 iliyo kwenye SSD, si ya flashi (ukubwa utakuonyesha), kwa select volume na namba yake. Ipe herufi: assign letter=S, kisha exit. Hapa watu hukosea: kwenye flashi, Windows yako inaweza kusomeka D: badala ya C:. Hakikisha kwa dir, ndipo uandike (kama ni D:, weka D: badala ya C:):

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Ikijibu “Boot files successfully created”, chomoa flashi uwashe.

Kama EFI haipo kabisa na diski ni GPT, ndani ya diskpart chagua volume ya Windows, shrink desired=300, create partition efi size=260, format quick fs=fat32, uipe herufi S, urudie bcdboot.

BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo, isimamishwe kabla ya kunakili, la sivyo utadaiwa ufunguo wa tarakimu 48.

Diski ya zamani imo kwenye mfuko wake, imeandikwa tarehe kwa maka peni. Haifutwi mpaka mwenye duka afungue hesabu zake mwenyewe, faili kwa faili.